Konifleksi jikoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanahusu konifleksi za kawaida za mahindi, zile za rangi ya dhahabu zisizopakwa sukari wala kakao. Mengi yanaulizwa na wapishi wa nyumbani wanaotaka kupakia kuku, kutengeneza chauro (kitafunwa cha konifleksi, karanga na viungo) au kuoka biskuti za Idi. Karibu kila jibu linarudi kwenye mambo mawili: unyevu unaozilegeza, na sukari iliyomo ndani yake inayoungua mapema. Ukiyaelewa hayo, mapishi mengine yote ni rahisi.

## Kuzifahamu

1. Konifleksi ni nini hasa? Ni ugali uliokaushwa?

Hapana, ingawa vyote vinatoka kwenye mahindi yaliyokobolewa. Kiwandani punje huondolewa ganda na kiini, zikabaki chenga kubwa. Chenga hizo hupikwa kwa mvuke wenye shinikizo pamoja na sukari, chumvi na kimea cha shayiri. Kisha hukaushwa kiasi, zikalazwa ili unyevu usambae sawasawa ndani ya kila chenga, halafu hupitishwa katikati ya magurudumu mazito ya chuma yanayozibana ziwe bapa. Mwisho huokwa kwenye moto mkali kwa muda mfupi. Hapo maji yaliyobaki hugeuka mvuke kwa ghafla na kuinua vilengelenge juu ya kila kipande.

Shika kimoja ukielekeze kwenye mwanga uone vile vilengelenge. Ndivyo vinavyolia ukitafuna, na ndivyo vinavyoufanya mchuzi au maziwa kuingia haraka. Kwa lishe ni ndugu wa sembe, si wa dona: ganda na kiini vimekwisha kuondoka, ndiyo maana nyuzinyuzi ni chache.

2. Zilianzia wapi?

Battle Creek, katika jimbo la Michigan, Marekani. Huko kulikuwa na kituo cha matibabu cha Waadventista Wasabato kilichoongozwa na daktari John Harvey Kellogg, akisaidiwa na mdogo wake, Will Keith Kellogg. Mwaka 1894 ngano iliyochemshwa ilikaa mpaka ikachacha kidogo. Walipoipitisha kwenye magurudumu, kila punje ikatoka kipande kimoja chembamba. Mahindi yalifuata baadaye. Will alianzisha kampuni yake mwaka 1906, na kuongeza sukari ni jambo ambalo ndugu hao wawili hawakukubaliana.

3. Aina ipi inafaa kupikia?

Ile isiyo na nyongeza. Zilizopakwa sukari, asali au kakao hugeuka nyeusi kabla kuku hajaiva. Bei ya juu si lazima: kwa kupakia na kwa biskuti, chapa ya bei nafuu inatosha kabisa. Kwa chauro nunua zenye vipande vikubwa na vinene, kwa sababu nyembamba huvunjika wakati wa kuchanganya na mwisho unabaki na unga chini ya bakuli.

Soma ubavuni mwa boksi. Chapa za kawaida huwa na kama gramu 8 hadi 10 za sukari kwa kila gramu 100. Ukiona 25 au zaidi, hizo weka kwa bakuli la asubuhi tu.

## Bakuli la asubuhi

4. Nitumie maziwa ya moto au ya baridi?

Ukitaka zibaki kavu na kulia mdomoni, ya baridi. Maziwa ya moto hulegeza wanga wa juu mara moja, na ndani ya dakika moja bakuli huwa kama uji mwepesi. Wako wanaozipenda hivyohivyo, hasa wazee na watoto wadogo, na si kosa. Maziwa mabichi yachemshe kwanza, yaache yapoe, ndipo uyatumie.

Njia nzuri ni kutia maziwa kwanza kisha konifleksi kidogo kidogo, kiganja kimoja kwa wakati. Ukizijaza zote ukamwagia maziwa juu, za chini huwa chepechepe kabla hujazifikia. Mtindi mzito huzilegeza polepole zaidi kuliko maziwa mepesi.

5. Mtu mmoja ale kiasi gani?

Kipimo cha kwenye maboksi ni gramu 30, yaani kikombe kimoja cha mililita 250 kilichojaa bila kushindiliwa. Bakuli la supu la kawaida likijazwa hubeba mara mbili ya hapo, kwa hiyo pima mara moja kwa mizani ili macho yako yakizoee kiasi hicho.

6. Mbona njaa inarudi haraka, hasa nikila daku?

Kwa sababu wanga wake umepikwa na kuokwa kiasi kwamba mwili unausaga upesi, na hamna nyuzinyuzi wala mafuta ya kuuchelewesha. Bakuli la konifleksi na maziwa peke yake si daku ya kumfikisha mtu magharibi. Changanya gramu 30 na mtindi mzito, karanga kiganja kimoja na ndizi, au kula yai pembeni. Kama unataka kitu kimoja tu kinachokaa tumboni, uji wa dona au wa ulezi unazishinda, na ni vizuri kulisema hilo wazi.

## Kuzihifadhi

7. Tunaishi pwani na zinalegea siku mbili tu baada ya kufungua. Tufanye nini?

Konifleksi zikitoka kiwandani zina unyevu mdogo sana, asilimia chache tu ya uzito wake. Hewa ya Tanga, Mombasa au Unguja imejaa maji, nazo huyanywa kama sifongo. Boksi la karatasi halizuii chochote. Kinachozuia ni ule mfuko wa ndani.

Baada ya kila matumizi toa hewa kwa kuubana mfuko wa ndani, ukunje mara tatu, ubane kwa kibanio cha nguo, kisha uutie mzima kwenye bati au ndoo yenye mfuniko unaokaza. Usizimwage wazi kwenye chombo kikubwa kisichojaa, maana hewa iliyobaki juu ina unyevu wa kutosha kuziharibu. Usiweke juu ya friji, wala karibu na jiko ambako sufuria zinatoa mvuke. Ndani ya friji pia si mahali pake: kila ukizitoa, umande hushika juu yake.

8. Zilizoingia hewa zinaweza kurudi kuwa kavu?

Ndiyo, mradi zimelegea tu na hazijaanza kunuka. Zitandaze safu moja kwenye treya, oveni nyuzi 150, dakika 5 hadi 8. Zikitoka bado zitaonekana laini kidogo. Ziache zipoe kabisa, ndipo zitakatika. Ukizihukumu zikiwa moto utazirudisha na kuziunguza.

Bila oveni, tumia sufuria pana juu ya moto mdogo kabisa, ukigeuza bila kusimama kwa dakika 4 au 5. Maikrowevu haifai sana, kwa sababu huziunguza katikati huku pembeni zikibaki zimelegea.

9. Nimekuta vidudu, au zina harufu ya mafuta ya zamani.

Vidudu vikionekana, tupa na usafishe kabati lote, kwani huhamia kwenye unga na mchele. Kama eneo lenu lina tatizo hilo kila mara, mfuko mpya ambao haujafunguliwa uweke kwenye friza siku 3 au 4, kisha uache ufikie joto la chumba kabla ya kuufungua. Harufu ya mafuta yaliyooza haiondoki kwa kuoka. Hizo usipikie.

## Kuponda na kupima

10. Nazipondaje bila zote kuwa unga?

Ziache ndani ya mfuko wake wa ndani, toa hewa, ulaze mezani, kisha bonyeza kwa kiganja. Maliza kwa kifimbo cha kusukumia chapati, mara nne au tano tu. Kwa kupakia nyama, lenga ukubwa wa chenga za mchele, kukiwa na vipande vichache vikubwa zaidi. Blenda hutoa unga chini na vipande vizima juu. Itumie tu kwa msingi wa keki (swali la 24), ambako unga ndio unaotakiwa.

Zile zilizovunjika chini ya mfuko msizitupe. Kusanyeni kwenye kopo, zikifika gramu 200 mna ganda la juu la kupakia kuku mmoja.

11. Mapishi yanasema vikombe, mengine gramu. Nafuata nini?

Gramu. Kikombe cha mililita 250 cha konifleksi nzima ni kama gramu 30, lakini zikipondwa uzito katika kikombe hichohicho huongezeka mara tatu au zaidi. Mapishi yakisema kikombe kimoja cha zilizopondwa, anza na vikombe vitatu hadi vinne vya nzima. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanapima kikombe cha nzima, wanaponda, kisha wanashangaa hazitoshi.

## Kupakia kuku, samaki na katlesi

12. Nipeni hatua za kuku wa konifleksi wa kuoka.

Kwa vipande 8 vyenye mfupa, kama kilo 1.2:

Siku moja kabla, au angalau saa 4, loweka kuku aliyetolewa ngozi kwenye mililita 250 za mtindi, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, kitunguu saumu na tangawizi vya kusaga kijiko cha chai kimoja kimoja, na pilipili manga. Ngozi iondoe kwa sababu ikiiva hutoa mafuta na maji yanayolilegeza ganda kutoka chini.

Washa oveni nyuzi 200. Andaa sahani tatu: ya kwanza unga wa ngano gramu 100 wenye chumvi kidogo, ya pili mayai 2 yaliyopigwa na kijiko kimoja cha maji, ya tatu konifleksi gramu 200 zilizopondwa, zikachanganywa na paprika nusu kijiko cha chai na mafuta ya kupikia vijiko 2 vya chakula. Mafuta hayo ni muhimu. Bila hayo ganda linakauka na kuwa kama vumbi badala ya kukaangika.

Mfute kuku kwa kitambaa mpaka asichuruzike. Pitisha kwenye unga, kung'uta, chovya kwenye yai, acha lichuruzike, kisha mlaze kwenye konifleksi na ubonyeze kwa kiganja kila upande. Tumia mkono mmoja kwa vitu vikavu na mwingine kwa yai. Panga vipande juu ya wavu uliowekwa kwenye treya, viache vikae dakika 15 hadi 20 ili ganda lishike.

Oka dakika 40 hadi 45 bila kufunika na bila kugeuza. Kipimajoto karibu na mfupa kionyeshe angalau nyuzi 74. Kama huna, toboa sehemu nene. Maji yatoke meupe bila wekundu. Ganda likianza kuiva kupita kiasi kabla nyama haijawa tayari, shusha hadi nyuzi 170 na uendelee. Usifunike kwa foili, maana mvuke utakaonasa utaharibu kazi yote.

Vipande visivyo na mfupa, vya unene wa kidole, huhitaji dakika 18 hadi 20 tu.

13. Mbona ganda langu linabanduka?

Mara nyingi kuku alikuwa amelowa. Maji yaliyo juu ya nyama hugeuka mvuke na kulisukuma ganda nje. Sababu ya pili ni kuruka unga wa ngano: yai halishiki vizuri kwenye nyama yenyewe, hushika kwenye unga. Ya tatu ni haraka, yaani kuoka mara tu baada ya kupakia bila kuliacha litulie. Na kama ni upande wa chini tu unaobanduka, kuku alilazwa moja kwa moja kwenye treya akaiva ndani ya maji yake. Tumia wavu. Usipokuwa nao, pasha treya yenye mafuta kidogo ndani ya oveni kwanza, ndipo umlaze kuku.

14. Naweza kumkaanga kwenye mafuta mengi?

Unaweza, lakini kumbuka konifleksi zimekwisha kuokwa kiwandani na zina sukari. Hazihitaji kuiva, zinahitaji kupata moto tu. Mafuta ya nyuzi 180 yanayofaa kwa ganda la chenga za mkate yatazifanya nyeusi. Kaa kwenye 160 hadi 165. Kujaribu bila kipimajoto, dondosha chembe moja ya konifleksi: itoe povu taratibu. Ikigeuka kahawia ndani ya sekunde 10, mafuta yamezidi. Epua sufuria usubiri.

Kwa kuku mwenye mfupa, na kwa kuku wa kienyeji hasa, mchemshe kwanza mpaka aive kama mnavyozoea kumchemsha kabla ya kumkaanga. Mtoe, apoe, mkaushe kabisa kwa kitambaa, ndipo umpakie na kumkaanga dakika 3 au 4. Hii ndiyo njia ya uhakika zaidi, kwa sababu nyama haitegemei tena ganda lisiungue. Supu iliyobaki usiimwage.

15. Samaki na katlesi je?

Samaki wa minofu kama sangara, changu au nguru hufaa sana kwa sababu huiva upesi kuliko ganda linavyoungua. Mnofu wa unene wa sentimita 2 huchukua dakika 12 hadi 15 kwenye nyuzi 200. Mtie ndimu baada ya kuiva. Ukimloweka kwa ndimu muda mrefu hutoa maji, na utarudi kwenye tatizo la swali la 13.

Katlesi za viazi ziache zipoe kabisa kabla ya kupakia. Kiazi cha moto hutoa mvuke na konifleksi hulegea kabla hazijafika kwenye mafuta. Kwa kababu, unaweza pia kutia konifleksi ndani ya nyama badala ya mkate: gramu 50 zilizosagwa laini kwa nyama ya kusaga gramu 500, kisha iache dakika 10 zinywe maji ya nyama.

16. Kwenye eafraya?

Nyuzi 180, vipande visivyo na mfupa dakika 10 hadi 12, ukigeuza mara moja. Pulizia au pakaza mafuta kidogo juu. Feni yake ina nguvu, hivyo chembe ambazo hazikubonyezwa vizuri zitaruka na kuungua kwenye kikapu. Usipange vipande vikagusana.

17. Naweza kupakia leo nikapika wiki ijayo? Na zile zilizobaki sahanini?

Wapakie, wapange kwenye treya bila kugusana, wagande kwenye friza, kisha wahamishie kwenye chombo chenye mfuniko. Watakaa mwezi mmoja. Waoke wakiwa wameganda ukiongeza dakika 10 hadi 15, usiwayeyushe kwanza. Maji ya barafu yatalegeza kila kitu.

Konifleksi zilizobaki baada ya kupakia kuku mbichi tupa, hata zikionekana kavu. Zimegusa damu na yai bichi. Dawa ni kumimina kidogo kidogo kwenye sahani badala ya kuziweka zote gramu 200 kwa pamoja.

18. Hatuli mayai. Tushikishe kwa nini?

Unga wa dengu gramu 60 uliokorogwa na maji mililita 100, chumvi na pilipili, uwe mzito kama uji wa kunywa. Unashika vizuri, na kwa mboga kama koliflawa au bamia tunaupenda kuliko yai. Mtindi mzito nao unafaa, ila ganda lake huwa laini kidogo.

## Chauro

19. Chauro la konifleksi linatengenezwaje?

Unguja wengi huliita chauro. Kenya utasikia zaidi chevda. Ni kitafunwa kilichotoka kwa Wahindi wa pwani, na konifleksi zimekuwa msingi wake katika nyumba nyingi kwa sababu hazihitaji kukaangwa kwenye mafuta mengi.

Andaa konifleksi gramu 300, karanga mbichi gramu 150, korosho gramu 100, dengu za kukaanga zilizo tayari gramu 100, zabibu kavu gramu 80, majani ya mchuzi 20 hadi 25, pilipili kavu nzima 3, mbegu za haradali kijiko cha chai kimoja, ufuta kijiko cha chakula kimoja, manjano nusu kijiko cha chai, pilipili ya unga kiasi upendacho, chumvi kijiko cha chai kimoja, sukari ya kusaga vijiko 2 vya chakula, ndimu ya unga robo kijiko cha chai, na mafuta vijiko 5 vya chakula.

Kwanza zikaushe konifleksi kwenye oveni nyuzi 120 kwa dakika 10, au kwenye sufuria pana. Osha majani ya mchuzi mapema na uyafute moja moja. Jani likiwa na maji litarusha mafuta, na baadaye litalilegeza chauro zima.

Pasha mafuta moto wa wastani. Kaanga karanga dakika 4 au 5, toa. Korosho zifuate mpaka ziwe za dhahabu, toa. Zabibu sekunde chache tu, zikituna kama mipira midogo toa upesi. Sasa tia haradali, na zikianza kupasuka tia ufuta, pilipili nzima na majani ya mchuzi. Subiri hapa. Majani yatatoa sauti ya kuchachatika, kisha sauti itapungua, na ukiyasogeza kwa mwiko yatagongana kama karatasi kavu. Huo ndio wakati. Zima moto, ndipo utie manjano na pilipili ya unga, kwa sababu juu ya moto huungua na kuwa chungu.

Mimina juu ya konifleksi, dengu na vitu vyote ulivyokaanga. Geuza kwa miiko miwili ya mbao au kwa kurusha bakuli, usikoroge. Chumvi, sukari na ndimu ya unga zinyunyizie likiwa vuguvugu; likiwa moto sukari huyeyuka na kugandisha mabonge. Liache lipoe kabisa kabla ya kulitia kwenye bati. Litakaa wiki 2 hadi 3.

20. Dukani nimeuziwa konifleksi mbichi, ngumu kama plastiki. Ndizo hizo?

Hapana. Hizo ni mahindi yaliyobanwa bila kuokwa, huuzwa kwenye maduka ya vyakula vya Kihindi, na haziliki bila kukaangwa. Mafuta yake lazima yawe moto sana, karibu nyuzi 190, na unatia kiganja kimoja kwa wakati. Zitapanda juu na kuvimba ndani ya sekunde chache. Zikizama na kukaa chini, mafuta hayajapata moto na zitabaki ngumu za kuvunja jino. Konifleksi za maziwa zenyewe usizifanyie hivi kamwe. Hunywa mafuta na kuungua papo hapo.

21. Chauro langu limelegea siku ya pili.

Ama majani ya mchuzi hayakukauka, ama lilifunikwa likiwa bado na joto. Toa zabibu, kisha fuata swali la 8 kwa nyuzi 120 badala ya 150, kwa kuwa sasa lina sukari na viungo.

## Vitamu

22. Vikombe vya asali vya watoto vinapikwaje?

Yeyusha siagi gramu 90, sukari theluthi moja ya kikombe na asali kijiko cha chakula kimoja, mpaka povu lianze. Mimina juu ya vikombe 4 vya konifleksi nzima, geuza taratibu, gawa kwenye vikombe vidogo vya karatasi kama 24. Oveni nyuzi 150, dakika 10. Zikitoka zitakuwa laini na zitaachana. Usiziguse mpaka zipoe. Sukari ikipoa ndiyo inayozishika. Zikibaki kunata baada ya kupoa, mchanganyiko haukuchemka vya kutosha.

23. Biskuti za konifleksi za Idi?

Piga siagi gramu 125 na sukari gramu 100 mpaka iwe nyeupe, tia yai moja na vanila, kisha unga wa ngano gramu 150 uliochanganywa na baking powder kijiko cha chai kimoja, na zabibu kavu gramu 75. Unga ukinata sana uweke kwenye friji dakika 30, usiongeze unga mwingine. Chota kwa kijiko cha chai, viringisha kwenye konifleksi gramu 60 zilizovunjwa kwa mkono tu, zisipondwe, panga kwa nafasi. Nyuzi 180, dakika 12 hadi 15. Zitoe upande wa chini ukiwa na rangi ya dhahabu hafifu. Usichanganye konifleksi ndani ya unga ukalaza usiku, maana asubuhi zitakuwa zimeyeyuka.

24. Kwa msingi wa keki ya jibini, na kwa chokoleti?

Msingi: konifleksi gramu 150 zilizosagwa, siagi iliyoyeyuka gramu 75, sukari vijiko 2. Shindilia kwa kitako cha glasi, oka nyuzi 180 kwa dakika 8, poza kabla ya kujaza. Ule siku hiyohiyo au ya pili. Ukichelewa hulegea kuliko msingi wa biskuti.

Kwa chokoleti, yeyusha gramu 100 za chokoleti na siagi gramu 50 pamoja na asali vijiko 3 vya chakula juu ya mvuke wa maji, kisha konifleksi gramu 100. Mafuta ya chokoleti huzifunika na kuzuia hewa, ndiyo maana hizi hubaki kavu kwa siku kadhaa hata pwani.

25. Sina oveni kabisa.

Tumia sufuria nzito na upalie makaa juu na chini, kama unavyooka keki: makaa machache chini, mengi zaidi juu ya mfuniko. Weka chombo chako juu ya kigae au mawe madogo ndani ya sufuria kisiguse kitako. Biskuti na vikombe vya asali hutoka vizuri. Kwa kuku fuata njia ya kuchemsha kwanza katika swali la 14, kwani sufuria iliyofunikwa hunasa mvuke.

## Afya na hali maalumu

26. Baba ana kisukari. Anaweza kula?

Konifleksi hupandisha sukari ya damu haraka. Kwenye kipimo cha kasi hiyo, ambacho glukosi ni 100, huwa karibu 80. Kama anazitaka, ziwe gramu 30 zilizopimwa, bila sukari ya kuongeza, pamoja na maziwa au mtindi usio na sukari na karanga. Apime sukari yake saa 2 baada ya kula, ampelekee daktari wake matokeo. Ganda jembamba juu ya samaki wa kuoka lina wanga mdogo kuliko bakuli zima.

27. Ni za mahindi, kwa hiyo mtu asiyevumilia gluteni anaweza kula?

Si lazima. Chapa nyingi hutiwa kimea cha shayiri (swali la 1), na shayiri ina gluteni. Mwenye ugonjwa wa siliaki anunue tu zilizoandikwa wazi kuwa hazina gluteni. Hili huwapata wengi bila kujua.

28. Kimea si pombe? Na gelatini je?

Kimea ni nafaka iliyooteshwa na kukaushwa. Kinachotiwa hapa hakijachachushwa kuwa pombe. Konifleksi za kawaida kwa desturi hazina gelatini, lakini nafaka za watoto zenye vipande laini vya rangi rangi mara nyingi zinayo, na baadhi ya zilizopakwa sukari pia. Soma viambato, utafute nembo ya halali.

29. Mtoto mchanga aanze lini?

Si kabla ya miezi 6, na hata baada ya hapo si chakula cha kumzoesha mapema kwa sababu ya chumvi na sukari. Akifika mwaka, apewe chache zilizolainishwa kabisa kwenye maziwa. Vikombe vya asali vya swali la 22 hata kidogo asipewe kabla ya miezi 12, maana asali inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvizuia.

30. Ni kweli zina chuma kinachovutwa na sumaku?

Ni kweli kwa chapa zilizoongezwa madini ya chuma kwa umbo la unga wa chuma. Saga kikombe kimoja mpaka kiwe unga laini, koroga na maji mengi kwenye mfuko wa plastiki mgumu unaoona ndani, kisha pitisha sumaku yenye nguvu kwa nje, polepole, upande mmoja. Baada ya dakika chache utaona mstari mwembamba wa kijivu ukiifuata. Ni salama kula, asidi ya tumbo huuyeyusha kiasi. Ukila na machungwa au pera, mwili huchukua chuma hicho vizuri zaidi. Chai ya rangi ikinywewa pamoja nazo hupunguza, kwa hiyo ichelewe kama saa moja.